Magurudumu ya kaboni na milima ya Bukavu: gramu 400 zinanunua nini hasa?

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali. Tangu siku ile Tadej Pogačar alipomaliza kilomita 267.5 za vilima akiwa peke yake mbele, mazungumzo ya waendesha baiskeli wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, yamegeukia magurudumu. Hoja ni moja: wale wanapanda haraka kwa sababu magurudumu yao ni ya kaboni na ni mepesi, basi sisi wenye milima ya Kadutu na Ngomo tunayahitaji kuliko wao. Aliye na ndugu Ubelgiji anamuulizia bei. Jibu linarudi: dola 1,000, dola 2,000, mengine zaidi ya 3,000.

Ni pesa nyingi kulipia kitu ambacho wengi wanakieleza vibaya. Kwa hiyo tukifungue kipande kwa kipande, tukianza na majina.

Gurudumu lina sehemu tatu: kitovu cha katikati chenye beringi ndani yake, spoki, na rimu, ile duara ya nje ambayo mafundi wetu wengi wanaiita janti. Tairi, mpira wa ndani, kaseti (lile fungu la meno ya nyuma) na diski za breki si sehemu ya gurudumu. Muuzaji anapoandika “gramu 1,300” anahesabu kitovu, spoki na rimu za magurudumu yote mawili, basi. Mara nyingi hahesabu hata utepe wa ndani ya rimu wala valvu. Ukilinganisha uzito huo na magurudumu yako uliyoyapima yakiwa na tairi na kaseti, utadhani umegundua muujiza.

Kaboni ni nyuzi nyembamba sana zilizolazwa kwa tabaka na kushikwa na gundi ngumu iitwayo resini. Karibu kila mara ni rimu peke yake iliyotengenezwa kwa kaboni. Kitovu ni cha alumini, na spoki ni za chuma. Yapo yenye spoki za kaboni pia, na bei yake inapanda nayo.

Magurudumu ya alumini yanayokuja na baiskeli za kawaida yana gramu 1,800 hadi 2,000 hivi. Ya kaboni yanayouzwa kwa ajili ya milima yana gramu 1,200 hadi 1,400. Ukiwa na alumini nzuri ya gramu 1,700, unapunguza gramu 400. Tuzitie kwenye hesabu.

Chukua mwendeshaji wa kilo 65, baiskeli ya kilo 8, na kilo 2 za chupa, nguo na viatu. Jumla kilo 75. Anapanda mlima wa asilimia 8, yaani kila mita 100 anazoenda mbele anainuka mita 8, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Miguu yake inatoa wati 215 hivi. Karibu wati 196 zinakwenda kuinua uzito, wati 12 zinapotea kwenye tairi linaloviringika, na wati 6 au 7 zinasukuma hewa. Toa gramu 400 katika kilo 75: umepunguza nusu ya asilimia. Unaokoa wati moja. Mlima wa kilomita 6 uliokuwa ukikuchukua dakika 30, sasa utaupanda kwa dakika 29 na sekunde 50.

Sekunde kumi. Kwa anayegombea jukwaa, sekunde kumi ni mbio nzima. Kwa anayepanda asubuhi na wenzake kuelekea Tshivanga, nje ya mji, zinapotea kwenye kusimama kufunga kamba ya kiatu.

Hapo ndipo mtu hujibu: “Lakini uzito unaozunguka ni tofauti. Gramu 100 kwenye rimu ni sawa na 200 kwenye fremu.” Wengine wanasema mara tatu, wengine mara nne, kila mmoja anaongeza kidogo. Kauli hii ina ukweli wake mahali pamoja tu, na si mlimani. Unapoongeza mwendo, uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu unahitaji nguvu mara mbili, kwa sababu lazima uusukume mbele na pia uuzungushe. Mara mbili, si zaidi. Unapopanda kwa mwendo uleule, gurudumu limeshazunguka tayari, na kilichobaki ni kuuinua uzito huo kutoka chini hadi juu. Mama anayepandisha gunia la makaa kutoka ukingoni mwa Ziwa Kivu hadi Kadutu anaweza kulihamisha toka mgongoni hadi kichwani. Mlima utamdai kilo zilezile.

Hata pale pa kuongeza mwendo, faida ni ndogo kuliko inavyosimuliwa. Kuruka kutoka kilomita 12 hadi 20 kwa saa, zile gramu 400 za ukingoni zinakugharimu joule 8 hivi. Mguu unaotoa wati 215 unalipa deni hilo kwa chini ya sehemu tano za mia za sekunde. Magurudumu mepesi yanahisika yakiruka ukisimama juu ya pedali, hilo kweli, na ni raha. Saa ya mkononi ndiyo isiyoona raha hiyo.

Na wale wa Kigali je? Kanuni ya shirikisho la dunia, UCI, inakataza baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8. Timu kubwa zinaweza kufika hapo bila kutafuta gurudumu jepesi kuliko yote, kwa hiyo wanariadha wengi huchagua rimu yenye kina zaidi (kimo chake kutoka ukingoni kuelekea kitovu), inayokata hewa vizuri, ingawa ina gramu kadhaa za ziada. Kwenye mwinuko wa asilimia 3 au 4, kwa mwendo wao, hewa bado ni mpinzani mkubwa. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, hewa karibu hata haimo kwenye hesabu, na katika miinuko yetu ya mita 1,500 na kuendelea ni nyepesi zaidi kuliko pwani. Ukiamua kununua kwa ajili ya milima tu, rimu ya kina cha milimita 30 hadi 35 inatosha. Ukitaka jozi moja ya kazi zote, milimita 40 au 45 ni chaguo la busara. Zaidi ya 50, upepo wa kando ya ziwa utaanza kukusukuma usukani.

Pesa inayopanda haraka zaidi

Rudi kwenye zile wati 12 zinazopotelea kwenye tairi. Hesabu ile ilidhani tairi la kati. Kati ya tairi gumu la bei rahisi na tairi laini la mashindano, tofauti kwa mwendeshaji yuleyule kwenye mlima uleule inaweza kufika wati 7. Ni mara saba ya faida ya magurudumu ya kaboni, kwa sehemu ndogo sana ya bei.

Uzito nao umejificha hapohapo. Tairi lenye waya wa chuma ukingoni lina gramu 330 hadi 350. Lile linalokunjika, lenye nyuzi badala ya waya, lina 220 hadi 250. Mpira wa ndani wa kawaida una gramu 100 hivi. Ule wa plastiki nyembamba, TPU, una 25 hadi 40. Badilisha tairi mbili na mipira miwili, umeondoa gramu 280 hadi 410, na zote ziko kwenye ukingo kabisa wa gurudumu, palepale wanapopapigia kelele wauza kaboni. Onyo moja: baadhi ya watengenezaji wa mipira ya TPU hawairuhusu kwenye breki zinazobana rimu, kwa sababu ya joto. Soma pakiti kabla ya kufunga.

Halafu gia. Baiskeli nyingi za mitumba zinazofika kwetu kutoka Ulaya zilijengwa kwa ajili ya nchi tambarare: meno 53 na 39 mbele, 11 hadi 25 nyuma. Kwenye mlima wa asilimia 12, ukienda kilomita 8 kwa saa na gia ya 39 kwa 25, miguu inazunguka mara 41 tu kwa dakika. Huko si kuendesha, ni kupanda ngazi na mzigo. Weka 34 mbele (kwa kawaida hilo linadai kubadilisha kranki nzima ya pedali) na 32 nyuma, mwendo uleule unakupa mizunguko 60. Kabla ya kununua kaseti hiyo, angalia kama mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo unafikia meno 32. Mingi ya zamani, ile mifupi, inaishia 27 au 28. Huenda ukalazimika kubadilisha mkono pia na kurefusha mnyororo. Bado utakuwa umetumia pesa kidogo kuliko magurudumu ya kaboni, na mlima utaujua mwili wako kwa namna nyingine kabisa.

Aliyekwisha kufanya hayo yote, tairi nzuri, gia sahihi, baiskeli iliyosafishwa, na bado ana dola, huyo sasa azungumze na kaboni. Swali lake la kwanza lisiwe uzito. Liwe breki.

Kinachopanda lazima kishuke

Breki za barabarani ni za aina mbili: zinazobana rimu kwa vipande vya mpira, na zinazobana diski iliyofungwa kwenye kitovu. Kwa alumini zote mbili zinafaa. Kwa kaboni, tofauti ni kubwa mno, na ndiyo inayovunja watu mifupa.

Mwendeshaji na baiskeli yake, kilo 80, wakishuka mteremko wa asilimia 10 kwa kilomita 30 kwa saa bila kuongeza mwendo, breki zinapaswa kumeza karibu wati 500 za joto, dakika baada ya dakika. Alumini hulisambaza joto hilo haraka kwenye rimu nzima na kulitoa hewani. Kaboni hulipitisha polepole. Joto linabaki palepale breki inapobana, resini inaanza kulainika, na ule ukingo unaolishika tairi unatanuka kwa msukumo wa hewa ya ndani. Kinachofuata ni mpira kupasuka kwenye kona, au rimu kufunguka tabaka. Rimu za bei ya chini ndizo zinazoshindwa mapema, kwa kuwa resini inayovumilia joto ni ghali.

Kosa linaloharakisha hayo ni kushikilia breki kidogokidogo mteremko mzima. Acha baiskeli ikimbie, bana kwa nguvu sekunde mbili au tatu kabla ya kona, achia kabisa ipoe, kisha rudia. Tumia vipande vya breki vilivyotengenezwa kwa ajili ya kaboni, na usivitumie vile vilivyowahi kukaa kwenye rimu ya alumini: chembe za chuma zilizonasa ndani yake zitachimba kaboni kama msumeno.

Maoni yangu hapa hayana kona. Kama baiskeli yako ina breki za rimu na njia zako zinashuka kama za kwetu, baki na alumini. Alumini nzuri ya gramu 1,500 ipo, inauzwa mamia ya dola badala ya maelfu, na katika mvua inashika breki vizuri kuliko kaboni. Kaboni ni ya mwenye diski.

Barabara inaamua nini

Watu husema kaboni inavunjika kama kioo. Si kweli. Kwa kuzunguka na kutikisika kwa miaka, rimu nzuri ya kaboni inachoka polepole kuliko alumini. Inachoshindwa nacho ni pigo la ghafla kwenye ncha: ukingo wa shimo, jiwe, reli ya daraja. Alumini ikipigwa hivyo inabonyea, na fundi mwenye koleo na subira anaweza kuinyoosha ukafika nyumbani. Kaboni haibonyei. Ama inasalimika, ama inapata ufa, na ufa hauna fundi hapa.

Ndiyo sababu kinga ya kwanza ya rimu ni tairi pana. Milimita 23 ilikuwa desturi ya zamani, na dhana kwamba tairi jembamba lina kasi zaidi imebaki kwenye vichwa kuliko kwenye vipimo. Kwenye lami ya kawaida tumia milimita 28; kwenye lami iliyochoka, vipande vya kokoto na viraka, 30 au 32, ikiwa fremu yako ina nafasi. Pima kwa rula: baki na milimita 4 kila upande kati ya tairi na fremu, maana matope ya Bukavu yanahitaji pa kupita. Mtu wa kilo 70 kwenye 28 anahitaji hewa ya baa (kipimo cha msukumo) 4.5 hadi 5. Kwenye 32, baa 4 hivi.

Baada ya kila pigo kubwa, vua tairi, pitisha kidole na kitambaa chepesi kuzunguka rimu yote ndani na nje. Kitambaa kikinasa, angalia hapo kwa tochi. Gonga kwa sarafu kila sentimita chache: mlio unaobadilika ghafla kutoka mkali kuwa mzito unaonyesha tabaka zimeachana. Spoki inayolegea tena na tena mahali pamoja ina maana tundu lake limeanza kung’oka. Rimu ya namna hiyo haipandi tena wala haishuki.

Litafunga au halitafunga?

Hapa ndipo dola nyingi zinapotelea, kwa sababu magurudumu ya leo yametengenezwa kwa baiskeli za leo, na zetu nyingi si za leo. Pima nafasi kati ya masikio mawili ya fremu nyuma. Milimita 130 ni baiskeli ya breki za rimu yenye ekseli ya kufungua kwa mkono. Milimita 135 ni diski za kizazi cha mwanzo. Milimita 142 yenye ekseli nene ya milimita 12 inayopenya upande hadi upande ndiyo diski ya sasa, na mbele yake ni 12 kwa 100. Gurudumu la 142 haliingii kwenye fremu ya 130, na kuitanua fremu ya alumini au kaboni kwa nguvu ni kuiua.

Kisha kaseti. Kitovu cha nyuma kina mwili wenye mifereji ambao kaseti inaingia, na kila kampuni ina umbo lake: HG ya Shimano, XDR ya SRAM, ya Campagnolo yake. Ukiwa na Shimano ya gia 8, 9 au 10 na gurudumu jipya lenye mwili wa gia 11, kaseti itaingia ila itacheza. Inahitaji pete ya milimita 1.85 nyuma yake (nyingi za gia 10 zinahitaji na nyingine ya milimita 1). Ni kipande kidogo ambacho wauzaji wengi wanakiweka kwenye boksi na wanunuzi wengi wanakitupa pamoja na karatasi.

Diski nazo hufungwa kwa namna mbili, kwa boliti sita au kwa mifereji yenye pete moja ya kukaza. Andika zote hizi kwenye karatasi, piga picha ya kitovu chako cha sasa, umtumie muuzaji kabla ya pesa. Kurudisha boksi la magurudumu kutoka Bukavu kwenda Ulaya au China, pamoja na usafiri na forodha, kunaweza kumeza thamani yake.

Jambo la mwisho la kiufundi, na la hatari zaidi kwa ugeni wake: rimu nyingi mpya za kaboni hazina ule mkunjo wa ndani unaolibana tairi, kama kulabu. Rimu hizo hutengenezeka kwa urahisi zaidi, lakini zinakubali tairi zilizoidhinishwa tu, na hewa isiyozidi baa 5. Sasa fikiria quado, fundi wa matairi wa barabarani, mwenye kompresa isiyo na kipimo, aliyezoea tairi za moto na gari. Tairi litaruka kwenye rimu mikononi mwake, au mbaya zaidi, chini yako dakika kumi baadaye. Chagua rimu yenye kulabu. Inakubali karibu tairi lolote la saizi yake na inasamehe pampu.

Kuhusu kutumia tairi bila mpira wa ndani, lenye maji ya kuziba matundu: inafanya kazi vizuri, lakini maji hayo hukauka baada ya miezi michache na yanapaswa kuongezwa, na hapa hayapatikani kwa urahisi. Ukiyaagiza, agiza ya mwaka mzima na bado beba mpira wa akiba.

Bei za chini zisikuogopeshe zote. Zipo kampuni za China zinazouza kwa jina lao wenyewe, kwa dola 500 hadi 900, zenye majaribio na udhamini unaoeleweka. Kinachopaswa kukukimbiza ni jina kubwa la Ulaya kwenye gurudumu la dola 300. Hiyo stika ndiyo sehemu pekee iliyotengenezwa kwa uangalifu.

Katika orodha ya sifa, tafuta uzito wa juu wa mwendeshaji unaoruhusiwa, na ujue kama wanahesabu mtu peke yake au mtu na baiskeli. Spoki 20 mbele na 24 nyuma zinamtosha mwepesi. Ukipita kilo 80 kwenye barabara zetu, chukua 24 kwa 24 au 24 kwa 28. Pendelea spoki za chuma zenye kichwa kilichopinda, kwa kuwa ndizo fundi yeyote anaweza kuzipata au kuzikata upya, na nati zake ziwe nje ya rimu. Zikifichwa ndani, kila kunyoosha gurudumu kunaanza kwa kuvua tairi na utepe.

Agiza spoki za akiba siku hiyohiyo unayoagiza magurudumu: nne za mbele, nne za nyuma kulia, nne za nyuma kushoto, pamoja na nati na ufunguo wake. Urefu wa kulia na kushoto haulingani, hivyo zifunge kila fungu na utepe wenye jina. Baada ya kilomita 200 au 300 za kwanza, mpelekee fundi gurudumu akalisikilize spoki kwa spoki na kukaza zilizolegea.